Jimbo la Kaskazini la Sudan: jangwa lenye mto mmoja

Tangu vita vilipozuka nchini Sudan tarehe 15 Aprili 2023, majina ya Merowe, Al-Dabba, Dongola na Wadi Halfa yamekuwa yakijitokeza mara kwa mara katika taarifa za habari: uwanja wa ndege uliovamiwa, bwawa la umeme lililoshambuliwa kutoka angani, kambi ya watu waliokimbia Darfur, misururu ya mabasi mpakani. Msikilizaji aliyeko Dodoma au Kisumu anaweza kudhani kuwa hiyo ni miji iliyotawanyika huku na huko. Akifungua ramani ataona kwamba yote minne imejipanga kando ya maji yale yale, na kwamba nje ya kingo za maji hayo hakuna karibu chochote kinachoweza kuitwa mji.

Miji hiyo yote imo ndani ya Jimbo la Kaskazini, ambalo kwa Kiarabu huitwa Ash-Shamaliyah. Lina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 348,000. Uganda, Rwanda na Burundi zikiunganishwa pamoja bado hazilifikii. Hata hivyo sensa ya mwaka 2008, ya mwisho kufanyika nchini humo, ilihesabu humo watu wasiofikia 700,000. Kwa hesabu ya wastani hao ni watu wawili kwa kila kilometa ya mraba, lakini hapa wastani haumsaidii mtu kuelewa chochote. Watu wamebanana kwenye ukanda wa kijani ambao mahali pengi mtu huuvuka kwa miguu kwa dakika chache, kutoka ukingo wa mto hadi pale mchanga unapoanzia. Zaidi ya hapo ni jangwa, mamia ya kilometa za jangwa, upande wa magharibi na upande wa mashariki.

Kaskazini jimbo hili limepakana na Misri, na kaskazini magharibi na Libya. Kusini magharibi liko jimbo la Darfur Kaskazini, kusini liko Kordofan Kaskazini, na mashariki liko jimbo jingine lenye jina linaloweza kumkanganya msomaji, yaani Jimbo la Mto Nile. Makao makuu ni Dongola, mji ulio kwenye ukingo wa magharibi wa mto, yapata meta 230 juu ya usawa wa bahari.

Mto unaorudi ulikotoka

Sehemu ya maji yanayopita Dongola yametoka kwetu. Nile Nyeupe huondoka Ziwa Victoria pale Jinja, hupita Uganda, kisha huingia katika kinamasi cha Sudd nchini Sudan Kusini, ambako karibu nusu ya maji yake hupotea kwa mvuke. Mjini Khartoum hukutana na Nile ya Buluu inayoshuka kutoka milima ya Ethiopia. Kaskazini zaidi mto hupokea Atbara, nao unatoka Ethiopia, na huo ndio mto wa mwisho kujiunga nao. Kuanzia hapo hadi Bahari ya Mediterania, safari ya zaidi ya kilometa 2,000, Nile haipokei kijito kingine chochote. Hutoa maji tu: kwa mashamba, kwa jua na kwa mchanga.

Mito hii miwili imegawana kazi kwa namna inayostahili kukumbukwa. Takriban asilimia 85 ya maji yote yanayofika Misri hutoka katika milima ya Ethiopia, na mengi yake huja kwa kishindo kati ya Julai na Oktoba, yakiwa mekundu kwa udongo. Nile Nyeupe haina kishindo hicho. Maziwa na vinamasi huyatuliza maji yake, yakawa yanateremka karibu sawasawa mwaka mzima. Kabla ya kujengwa mabwawa, mafuriko ya Ethiopia ndiyo yaliyolileta shamba, na maji ya Maziwa Makuu ndiyo yaliyouzuia mto usikauke miezi ya kiangazi.

Baada ya Atbara, Nile huendelea kuelekea kaskazini hadi Abu Hamed, katika Jimbo la Mto Nile, kisha hufanya jambo ambalo humshangaza kila anayelitazama kwenye ramani kwa mara ya kwanza: hugeuka na kurudi kusini magharibi, kana kwamba umesahau kitu. Hutiririka hivyo kwa mamia ya kilometa, ukipita Merowe na Karima, hadi karibu na Al-Dabba, ambako hugeuka tena na kushika njia ya kaskazini kuelekea Dongola na Misri. Wanajiolojia hulieleza pindo hilo kubwa kwa kuinuka taratibu kwa miamba ya kale chini ya eneo hilo, na kwa nyufa za ardhini ambazo maji yamezifuata.

Pindo hilo liliamua mengi. Kwenye Nile ya kaskazini upepo huvuma kutoka kaskazini karibu mwaka mzima. Msomaji wa pwani, aliyezoea kaskazi na kusi kupokezana zamu, afikirie kaskazi isiyoondoka. Kwa hiyo jahazi linalopanda mto kwenda kusini husukumwa na upepo, na linaloshuka hubebwa na mkondo. Mpango mzuri kuliko huo baharia hawezi kuuomba. Lakini kati ya Al-Dabba na Abu Hamed mpango huo huvunjika. Anayepanda mto hapo huelekea kaskazini mashariki, upepo ukimpiga usoni na mkondo ukimrudisha nyuma, huku miamba ikimngoja. Ndiyo maana misafara tangu zamani iliuacha mto na kukata jangwani, ama kupitia jangwa la Bayuda lililomo ndani ya pindo, ama kupitia Jangwa la Nubia kutoka upande wa Misri moja kwa moja hadi Abu Hamed. Mwaka 1897 jeshi la Waingereza na Wamisri, chini ya Kitchener, lilitandika reli kwenye njia hiyo ya pili, kutoka Wadi Halfa hadi Abu Hamed, katika muda usiofika mwaka mmoja. Kwa kuwa njiani hapakuwa na mahali penye jina, vituo vya reli vilipewa namba.

Vizingiti vya mawe

Mfasiri wa habari za Nile hukwama katika neno moja. Mahali ambapo mto huu unavunjikavunjika kwenye miamba, vitabu vingi vya Kiswahili huandika “maporomoko”, na msomaji akawaza maji yanayoanguka kutoka juu, kama yale ya Murchison nchini Uganda. Hapa maji hayaanguki. Mto hutanuka, hupasuka kuwa mikondo kadhaa kati ya visiwa na mawe meusi, hushuka kidogo kwa kasi, kisha hutulia tena. Wasudani husema shallal. Katika makala hii tunaviita vizingiti, kwa sababu ndivyo vilivyofanya kazi: mtu anayeingia ndani hulazimika kusimama.

Vipo sita vilivyopewa namba, kuanzia Aswan nchini Misri hadi karibu na Khartoum. Vimehesabiwa kutoka kaskazini kwa sababu waliovihesabu walikuwa wakitoka Misri. Mkulima wa Merowe asingekuwa na sababu ya kuanzia huko. Cha pili, cha tatu na cha nne vimo katika Jimbo la Kaskazini. Cha pili, karibu na Wadi Halfa, kimezama chini ya ziwa la Aswan tangu miaka ya 1960. Cha nne, juu ya Merowe, kilizama bwawa la Merowe lilipojazwa mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Kati ya hivyo vitatu, cha tatu peke yake, kaskazini ya Kerma, ndicho ambacho mto unaendelea kukivuka kama zamani.

Sababu ya vizingiti iko kwenye mawe yenyewe. Sehemu kubwa ya eneo hili imefunikwa na jiwe-mchanga la Nubia, ambalo ni laini. Mto ukipita humo hujichimbia bonde pana, huweka udongo pande zote mbili, na watu hupata mahali pa kulima. Lakini hapa na pale miamba ya kale zaidi, mawe ya itale na jamii yake, hutokeza juu. Mto ukifika hapo hubanwa, hupoteza bonde lake na kugeuka kuwa kizingiti. Ukijua mto unapita kwenye jiwe gani, unaweza kukisia bila kwenda kama kuna kijiji. Mfano mkali kuliko yote ni sehemu iliyo kati ya kizingiti cha pili na kile cha Dal, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 100, ambayo wenyeji waliipa jina la Batn al-Hajar, Tumbo la Mawe. Hapo mchanga na majabali hufika hadi majini, na udongo wa kulima ni viraka tu.

Kinyume chake ni bonde la Kerma na Dongola, juu ya kizingiti cha tatu. Hapa uwanda hutanuka, visiwa vikubwa kama Argo vina udongo mzito, na si ajabu kwamba hapa ndipo ulipokua mji mkuu wa mojawapo ya falme za kwanza za Afrika. Kerma ilistawi kati ya takriban mwaka 2500 na 1500 KK. Jengo lake kubwa la matofali ya udongo, ambalo leo huitwa Deffufa, bado limesimama likiwa na urefu wa yapata meta 18, jambo linalosema mengi kuhusu uchache wa mvua. Wafalme wa Misri waliokuwa wakipanda mto walijenga ngome zao kwenye kizingiti cha pili na hawakuvuka kirahisi. Walipokivuka cha tatu, yapata mwaka 1500 KK, Farao Thutmose wa Kwanza aliamuru habari hiyo ichongwe kwenye mwamba wa Tombos, pale pale kizingitini.

Karne saba hivi baadaye mambo yaligeuka. Karibu na Karima kuna mlima mdogo wa jiwe-mchanga, Jebel Barkal, usiozidi sana meta 100, lakini wenye kilele bapa na mwamba uliosimama pembeni kama nguzo, unaoonekana kutoka mbali kwa sababu pande zote ni tambarare. Chini yake palikuwa na Napata, mji wa wafalme wa Kush, na kutoka hapo katika karne ya nane KK Mfalme Piye alishuka na mto akaitiisha Misri. Mwaka 2003 UNESCO iliweka Barkal na maeneo jirani katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tahadhari kwa wanaoandika habari: Merowe, mji wa bwawa, si Meroe yenye piramidi nyingi. Meroe iko mbali, katika Jimbo la Mto Nile, upande wa pili wa jangwa la Bayuda.

Jangwa lililowahi kuwa na mito

Magharibi ya mto kuna sehemu ya Jangwa la Libya, mojawapo ya maeneo makavu kuliko yote duniani. Wadi Halfa hupata kwa wastani milimita chache tu za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Miaka hupita bila tone. Jua huwaka kwa zaidi ya saa 4,000 kwa mwaka, na mwezi Juni 2010 kipimajoto cha Dongola kilikaribia nyuzijoto 50 za Selsiasi. Usiku wa Januari, kwa upande mwingine, mtu huhitaji blanketi zito.

Haikuwa hivyo siku zote. Hadi takriban miaka 5,000 iliyopita mvua za kitropiki zilifika mbali zaidi kaskazini, na jangwa hili lilikuwa mbuga yenye maziwa. Wadi Howar, ambalo leo ni bonde la mchanga, lilikuwa mto uliotoka upande wa Chad, ukapita Darfur Kaskazini na kuingia Nile kati ya Al-Dabba na Dongola, safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Kingoni mwake wachungaji walilisha ng'ombe. Kwenye mapango ya Jebel Uweinat, mlima wenye kilele cha meta 1,934 pale Sudan, Misri na Libya zinapokutana, ng'ombe hao bado wapo, wamechorwa kwa rangi kwenye mwamba wa mahali ambapo leo hata mbuzi hapati jani. Maji yalipoondoka, watu waliusogelea mto. Ukanda uliojaa watu tunaouona leo ni matokeo ya uhamaji huo.

Mvua hizo za kale hazikupotea zote. Nyingine zilizama ardhini na kuhifadhiwa katika jiwe-mchanga, hifadhi kubwa ambayo Sudan inaichangia na Misri, Libya na Chad. Haijazwi tena kwa kiasi cha kueleweka, hivyo kinachochotwa hakirudi. Mahali pachache maji hayo hujitokeza yenyewe juu, kama kwenye oasisi ya Selima, ambako pana mitende na chumvi na hakuna wakazi. Selima ilikuwa kituo cha Darb al-Arba'in, Njia ya Siku Arobaini, iliyopitisha ngamia, pembe za ndovu na watumwa kutoka Darfur hadi Asyut nchini Misri. Kwa pampu za kisasa, maji hayo sasa hunyunyizia mashamba ya duara karibu na Al-Dabba na kwingineko, na sehemu ya majani ya mifugo yanayooteshwa humo huuzwa nchi za Ghuba.

Upepo ule ule uliowasukuma mabaharia huusukuma pia mchanga. Vilima vya mchanga vyenye umbo la mwezi mwandamo husogea kusini kidogo kidogo kila mwaka, vikafukia mitende, visima na wakati mwingine nyumba. Wakulima hupanda safu za miti kuvizuia, na mara nyingine huhama. Kuna pia wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao tangu mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii wamemiminika jangwani kwa maelfu, na zebaki wanayoitumia imezua malalamiko kila mahali karibu na makazi na maji.

Maisha ya ukingoni

Shamba la hapa lina ngazi. Ya chini kabisa ni ardhi ambayo mto huifunika wakati wa mafuriko na kuiacha ikiwa na tope jipya. Wenyeji huiita seluka, kwa jina la kijiti cha kufukulia mashimo ya mbegu. Juu yake ni ardhi inayohitaji maji kupandishwa, zamani kwa saqia, gurudumu la mbao lililozungushwa na ng'ombe, leo kwa pampu. Humo hupandwa ngano, maharage ya ful, mboga na viungo. Mitende huota pembezoni, nayo ndiyo akiba ya nyumba: mtende mmoja unaweza kuwa na wamiliki kadhaa, na mtu aliyehamia Khartoum au Riyadh miaka thelathini iliyopita bado anajua fungu lake la tende. Nyumba zimejengwa kwa udongo, nyuma ya mashamba, pale ardhi isipofaa kulimwa. Hakuna anayejenga juu ya udongo wa shamba.

Kuanzia Dongola kuelekea kaskazini wengi wa wakazi ni Wanubi, wenye lugha zao za Kinubi kando ya Kiarabu. Kusini zaidi, kuzunguka Merowe, wako Washaigiya na jamii nyingine zinazozungumza Kiarabu. Wanubi hawa wasichanganywe na Wanubi wa Kibera nchini Kenya au wa Bombo nchini Uganda. Hao wa kwetu ni wazao wa askari waliosajiliwa hasa katika sehemu za kusini za Sudan ya wakati huo, na Kinubi chao ni lugha iliyozaliwa na Kiarabu cha kambini. Jina ni moja, asili ni mbali.

Nyumba za udongo zinahitaji anga kavu. Mwezi Agosti 2024 mvua kubwa zisizo za kawaida ziliipiga Sudan ya kaskazini, na kuta zilizokuwa zimesimama miaka mingi ziliyeyuka kwa usiku mmoja. Mahali ambapo mvua huja mara moja katika kizazi, paa hujengwa kwa ajili ya kivuli.

Maji yanapopanda

Sasa msomaji anaweza kuona kwa nini neno bwawa huwashtua watu wa huku. Katika nchi yenye nyanda pana, ziwa la bwawa hufunika sehemu ya ardhi na watu husogea kando. Hapa ardhi yote inayofaa iko ndani ya meta chache juu ya mto. Maji yakipanda, kinachozama ni shamba, mitende, makaburi na kijiji, na kinachobaki juu ni jangwa.

Jambo hilo lilitokea kwanza Wadi Halfa. Kwa mkataba wa mwaka 1959, Misri na Sudan ziligawana maji ya Nile, meta za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan, na Sudan ikakubali ziwa la bwawa kuu la Aswan liingie katika ardhi yake. Fidia ilikuwa pauni za Misri milioni 15. Nchi nyingine za bonde la mto hazikualikwa mezani, na hadi leo huo ni mjadala usiokwisha katika miji yetu mikuu. Mkataba wenyewe ulikadiria kwamba meta za ujazo bilioni 10 zingepotea kila mwaka kwa mvuke na kwa njia nyingine, na anayeujua ukali wa jua la hapo hatashangaa. Kuanzia mwaka 1964 Wanubi wa Sudan wapatao 50,000 walipakiwa kwenye treni na kupelekwa Khashm al-Girba, mashariki ya nchi, kwenye Mto Atbara: nchi tambarare, yenye mvua za kiangazi, isiyo na mitende wala Nile. Baadhi walikataa kuondoka. Kila maji yalipopanda walihamisha vibanda vyao juu zaidi, na mji wa Wadi Halfa wa leo ni matunda ya ukaidi wao.

Wanaakiolojia wa nchi nyingi walikimbilia huko kabla ya maji. Mahekalu ya Buhen na Semna yalibomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya katika bustani ya Makumbusho ya Taifa mjini Khartoum, na michoro ya kanisa kuu la Faras iligawanywa kati ya Khartoum na Warsaw. Katika vita vya sasa makumbusho hayo ya Khartoum yaliporwa.

Bwawa la Merowe, kwenye kizingiti cha nne, lilizinduliwa Machi 2009. Mitambo yake kumi ina uwezo wa megawati 1,250, na ziwa lake lina urefu wa takriban kilometa 170. Lilileta umeme katika nchi iliyouhitaji mno, na huo si mchango mdogo. Watu zaidi ya 50,000 waliondolewa, wengi wao wakipelekwa kwenye makazi mapya jangwani. Sehemu ya Wamanasir walikataa na kubaki kwenye ufuko wa ziwa jipya. Chini ya bwawa, kupanda na kushuka kwa maji kufuatana na mahitaji ya umeme kumeongezea nguvu tatizo la zamani la kubomoka kwa kingo, ambalo wenyeji huliita haddam: ukingo hukatika kama mkate, na mitende iliyokuwa juu yake ikaenda na maji. Udongo mwekundu nao unazidi kupungua, kwani mwingi hutua nyuma ya mabwawa ya juu, likiwemo Bwawa la Renaissance la Ethiopia lililozinduliwa rasmi tarehe 9 Septemba 2025.

Serikali ya wakati huo ilipanga pia mabwawa ya Kajbar, kwenye kizingiti cha tatu, na Dal. Juni 2007 polisi waliwafyatulia risasi Wanubi waliokuwa wakiandamana kupinga mradi wa Kajbar, na watu wanne wakauawa. Mabwawa hayo hayajajengwa.

Vita katika nchi nyembamba

Siku mbili kabla ya vita kuanza, jeshi la Sudan lilitoa onyo kuhusu wapiganaji wa Vikosi vya Msaada wa Haraka, RSF, waliokuwa wamejikusanya Merowe karibu na uwanja wa ndege wa kijeshi. Tarehe 15 Aprili 2023 uwanja huo ulikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kushambuliwa. Baadaye jeshi liliurudisha, na sehemu kubwa ya jimbo imeendelea kuwa mikononi mwake. Umbali, uliolinyima jimbo hili shule na hospitali kwa miaka mingi, uligeuka kuwa kinga. Waliotoroka Khartoum walifuata barabara ya kaskazini, ama kukaa kwa ndugu vijijini, ama kuvuka kwenda Misri kupitia Ashkit au Argeen. Wadi Halfa, mji mdogo wa mpakani, ulijaa watu waliolala misikitini, shuleni na barabarani, hasa baada ya Misri, Juni 2023, kuwataka Wasudani wote wawe na viza. Wale wenye ndugu walirudi katika nyumba ambazo babu zao walizihama.

Lakini nchi ambayo maisha yake yote yamo katika mstari mmoja ni rahisi kuidhuru. Januari 2025 ndege zisizo na rubani zilishambulia mitambo ya umeme ya Merowe, na giza likaenea kutoka Dongola hadi Omdurman na Port Sudan. Umeme ukikatika, pampu husimama, na ngano iliyo katikati ya msimu hukauka huku mto ukipita hatua chache chini yake. Juni mwaka huo huo RSF ilitangaza kuwa imeteka eneo la pembetatu ya mpaka, upande wa Jebel Uweinat. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba jangwa lile tupu lina thamani ya kupiganiwa. Lina njia za magari kwenda Libya, na njia hizo hupitisha mafuta, silaha, dhahabu na watu.

El Fasher, mji mkuu wa Darfur Kaskazini, ulipoanguka mikononi mwa RSF tarehe 26 Oktoba 2025 baada ya kuzingirwa kwa mwaka mmoja na nusu hivi, sehemu ya waliookoka walishika njia ya kaskazini mashariki. Walivuka mamia ya kilometa za jangwa, wengine kwa malori, wengine sehemu ya safari kwa miguu, katika nchi ile ile ambayo Wadi Howar ilikuwa ikiipitia ilipokuwa na maji. Waliofika walipokelewa Al-Dabba, pale mto unapogeukia kaskazini. Ukanda wa mashamba hauna nafasi, kwa hiyo mahema yao yamesimikwa nje yake, mchangani, na maji ya kunywa huletwa kwa malori.